Sura ya Saba: Kila Kitu Kipya, Breki Zilezile

"Fundi, nimeshabadilisha kila kitu. Mbona breki bado zinasumbua?"

Swali hili utalisikia Gerezani jijini Dar es Salaam, utalisikia Mombo, utalisikia kwenye gereji yoyote ya chini ya mwarobaini ambako wenye magari husubiri wakiwa wamekalia tairi bovu. Anayeuliza mara nyingi ana maboksi matupu ya spea nyuma ya kiti, kama vielelezo vya mahakamani. Wala hasemi uongo. Kweli amebadilisha, na ndiyo maana swali linamuuma.

Mimi mwenyewe nililiuliza kwa miezi mitano. Nilikuwa na pikapu ya dizeli, mtumba wa Japani, iliyokuwa ikishusha kabichi na karoti kutoka Lushoto. Wanaoijua barabara ile hawahitaji maelezo: kilomita kama 32 za kona, Lushoto mpaka Soni, Soni mpaka Mombo, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Unaondoka juu umevaa sweta, unafika chini kwenye joto la mashamba ya mkonge. Asubuhi moja, chini kidogo ya Soni, nilikanyaga breki na pedali ikaenda mbali kuliko kawaida yake. Nikakanyaga tena, ikapanda, gari likashika. Utingo wangu hakusema neno. Aliuhamisha tu mkono wake kutoka kwenye redio hadi kwenye mshikio wa mlango, na hakuuondoa mpaka Mombo.

Katika miezi hiyo mitano nilinunua pedi za mbele mara mbili na masta silinda mbili, moja ya mtumba na moja mpya. Upepo ulitolewa mara nisizozikumbuka. Kila nikitoka gereji breki zilikuwa nzuri kwa wiki moja, wiki mbili, kisha mambo yakarudi yalikokuwa.

Sura hii haitakufanya fundi. Itakusaidia kujua swali la kuuliza kabla hujafungua pochi, kwa sababu tatizo la breki linalorudirudi kwa kawaida halitokani na uchache wa spea. Linatokana na kutibu kiungo kinacholia na kukiacha kinachonyamaza.

Mguu unavyofika kwenye gurudumu

Chukua chupa ya maji ya plastiki. Ijaze mpaka juu kabisa, funga kifuniko, kisha ibonyeze: inagoma. Mwaga robo ya maji, funga, bonyeza tena: inakubali. Maji ni yaleyale, kilichobonyea ni hewa. Hapo umeshaelewa nusu ya mfumo wa breki. Kimiminika hakikubali kushindiliwa, kwa hiyo ukikisukuma upande huu, kinasukuma upande ule, hata bomba likiwa na kona kumi. Mfaransa Blaise Pascal aliieleza kanuni hiyo katika karne ya 17, zama ambazo hapakuwa na gari la injini popote.

Kwenye pikapu, safari ya mguu wako ni hii:

- Busta. Ni chungu cheusi cha duara kilichofungwa kwenye ukuta kati ya injini na dereva. Huuongezea mguu nguvu kwa kutumia ombwe, yaani nafasi iliyonyonywa hewa.
- Masta silinda. Ni silinda ndogo mbele ya busta, yenye pistoni na raba ndani. Juu yake kuna kikopo cha mafuta ya breki. Hii ndiyo inayoyasukuma mafuta.
- Paipu na mipira ya breki. Paipu za chuma hupita chini ya gari. Mahali panapochezacheza, karibu na magurudumu, huwekwa mipira inayopinda.
- Disiki, kalipa na pedi. Aghalabu ziko mbele. Disiki ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Kalipa ni mfano wa koleo, nayo huibana sahani hiyo kwa pedi mbili.
- Dramu, breki shuu na wili silinda. Pikapu nyingi huwa nazo nyuma. Dramu ni kama sufuria iliyofunikwa. Ndani yake kuna shuu mbili zenye umbo la mwezi mchanga, na wili silinda ndiyo inayozitanua zisugue ukuta wa sufuria.

Ndani ya masta silinda kuna njia mbili za mafuta. Katika pikapu nyingi, moja huenda mbele na nyingine nyuma, ili moja ikipasuka ibaki nyingine. Ni akiba nzuri, ila ina hila yake: upande mmoja unaweza kulala usingizi kwa miezi, na gari likaendelea kusimama kwa jasho la upande wa pili. Liweke akilini jambo hilo, tutalirudia.

Pedali inasema nini?

Kumwambia fundi "breki mbovu" ni sawa na kumwambia daktari "naumwa" halafu ukanyamaza. Pedali ina malalamiko yake sita, na kila moja lina maana yake.

1. Inakwenda mbali, ukipampu inapanda. Mara nyingi shuu za nyuma ziko mbali na dramu. Mafuta ya kanyago la kwanza yanaishia kuzitembeza shuu, na ya kanyago la pili ndiyo yanayofunga breki.

2. Ni laini kama sponji. Kuna hewa kwenye mafuta, au kuna mpira wa breki uliochoka unaovimba kila ukikanyaga.

3. Inazama polepole ukiishikilia. Uko kwenye taa nyekundu, mguu umetulia, na pedali inashuka taratibu kama mtu anayesinzia. Kagua kwanza kama kuna mafuta yanayovuja kwenye magurudumu na paipu. Kama pote ni pakavu na kikopo hakipungui, raba za ndani ya masta silinda zinapitisha mafuta kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Hapo, na si kabla ya hapo, ndipo unapoituhumu masta.

4. Ni ngumu kama jiwe. Nguvu ya busta imepotea. Injini ya petroli hutengeneza ombwe yenyewe inapovuta hewa. Injini ya dizeli huvuta hewa bila kizuizi, kwa hiyo huwekewa pampu ya ombwe, na kwenye pikapu nyingi za Kijapani pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta. Pampu ikichoka au mpira wake ukipasuka, mguu unabaki peke yake.

5. Inatetema. Uso wa disiki haulingani unene, au disiki imekaa kombo kwa sababu ya kutu iliyoachwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, wakati wa kuifunga. Dramu iliyopoteza uduara nayo hutetemesha.

6. Pedali ni nzuri, lakini gari linavuta upande. Breki za upande mmoja hazifanyi kazi ya kutosha, nalo gari hukimbilia upande unaoshika. Likivuta kulia, anza kukagua kushoto: pistoni ya kalipa iliyoganda, au grisi iliyogusa pedi.

Malalamiko mawili kati ya hayo unaweza kuyapima mwenyewe bila spana. Kwa pedali ngumu, zima injini, kanyaga mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie hivyohivyo kisha washa. Busta nzima huivuta pedali chini kidogo mara injini inaponguruma. Isiposogea, tatizo liko kwenye busta, mpira wake au pampu. Kwa pedali inayozama, washa injini gari likiwa limesimama tambarare, kanyaga kwa nguvu ya kawaida, ushikilie kwa dakika moja. Pedali ikishuka, una jibu.

*Kwa ufupi: kabla ya kununua chochote, itaje pedali kwa tabia yake. "Inazama" na "inakwenda mbali" ni maradhi mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti.*

Mzee wa Korogwe na handibreki

Mimi sikuitaja pedali kwa tabia yake. Niliwaambia mafundi watatu kwamba "breki zinaingia ndani", nao, kila mmoja kwa nia njema, wakafanya linalofanywa na wengi: wakabadilisha masta na kutoa upepo. Wa nne alikuwa mzee mmoja wa Korogwe, mwenye ovaroli iliyokuwa ya bluu zamani. Nilipomwamkia na kuanza kumwonyesha maboksi yangu, alinikatiza.

"Panda ukae, mwanangu. Kanyaga. Imefika wapi?"

"Karibu na kapeti, mzee."

"Haya, achia. Vuta handibreki mpaka mwisho. Kanyaga tena."

Nikakanyaga. Pedali ikasimama juu, imara, kama ya gari lingine.

"Basi," akasema. "Masta yako haina kosa. Wala ile ya kwanza haikuwa na kosa."

Hakuwa ameshika spana. Alichofanya ni hiki: handibreki hutumia waya kuzivuta shuu za nyuma zisogee kwenye dramu. Pedali ikipanda baada ya kuivuta, maana yake safari ndefu ya mguu ilikuwa inaishia kwenye pengo la nyuma. Isingepanda, angetafuta kwingine. Ili kujihakikishia, aliibana kwa kibano maalumu cha mdomo laini mpira mmoja unaopeleka mafuta kwenye ekseli ya nyuma, akaniambia nikanyage. Pedali ikapanda vilevile. Njia ya mbele na masta vilikuwa vizima. (Usijaribu hili kwa koleo la kawaida, maana meno yake huukata mpira kwa ndani na kukutengenezea tatizo jipya.)

Dramu zikafunguliwa. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu wa Usambara uliogandamana kama tope la ukuta. Kifaa cha kujirekebisha, yaani kijiti chenye gurudumu la meno ambacho hujirefusha kadiri shuu zinavyolika, kilikuwa kimeshikwa na kutu, meno hayageuki hata kwa bisibisi. Mzee akaniwekea shuu moja kiganjani. Ilikuwa nene, karibu kama mpya, baada ya mwaka mzima wa kushuka Soni na mzigo.

"Za mbele umeshazizika mara mbili," akasema. "Hizi hazijafanya kazi hata siku moja."

Pale ndipo nilipoelewa. Pedi za mbele hazikuwa mbovu. Zilikuwa zinabeba kazi ya wenzao. Kwa kuwa zilifanya kazi peke yake, zilichemka, zikachemsha mafuta, zikaisha haraka, nami kila nilipoona zimeisha niliziletea wenzao wapya waje kuchoka. Watu wawili wakibeba gogo na mmoja akawa ameshika tu kwa vidole, atakayelalamika mgongo ni yule mwingine. Ukimpeleka yeye hospitali kila wiki, gogo halitapungua uzito.

Springi ulizoongeza zina deni

Nilidhani tumemaliza. Mzee akaingia tena chini ya gari, akatoka akiuliza nani aliongeza majani ya springi. Niliongeza mimi, mawili kila upande, kama wafanyavyo wengi wenye pikapu za mzigo ili gari lisikae kitako.

Pikapu ni gari la hali mbili. Ikiwa tupu, nyuma ni nyepesi, na breki za nyuma zikipewa nguvu nyingi magurudumu yatajifunga na mkia utayumba. Ikipakiwa, nyuma inakuwa nzito na inahitaji breki hasa. Kwa sababu hiyo pikapu nyingi za mtindo wa zamani zina vali ya mzigo, kifaa kinachoamua kiasi cha nguvu ya mafuta ya kwenda nyuma. Vali imefungwa kwenye chasisi, na rodi nyembamba inaiunganisha na ekseli. Mzigo ukikalia gari, chasisi inaikaribia ekseli, rodi inasukuma, vali inafunguka zaidi. (Pikapu mpya zenye ABS, mfumo wa kompyuta unaozuia magurudumu kujifunga, aghalabu huiachia kompyuta kazi hiyo.)

Sasa ongeza majani ya springi. Chasisi inanyanyuka. Unapakia magunia, gari halikai chini kama lilivyopimwa kiwandani. Vali haina macho, inachojua ni rodi tu. Rodi inaiambia: "Gari ni tupu." Nayo inabana mafuta ya nyuma wakati una tani nzima ya kabichi mgongoni.

Basi pikapu yangu ilikuwa na usingizi wa aina mbili: shuu zilizokuwa mbali na dramu, na vali iliyokuwa ikidanganywa. Wapo wanaotatua la pili kwa kuing'oa vali na kuunganisha paipu moja kwa moja. Usikubali. Siku utakaporudi tupu chini ya mvua, mkia wa gari utataka kukupita. Dawa ni kurekebisha rodi kwa vipimo vya kitabu cha gari, ikiwezekana kwa geji zinazosoma nguvu ya mafuta mbele na nyuma.

*Kwa ufupi: ukibadilisha kimo cha gari, umegusa breki. Kila springi ikiongezwa, vali ya mzigo ikaguliwe.*

Hewa isiyoisha

Kuna kundi jingine la wenye magari: wametoa upepo mara kumi na pedali bado ni sponji. Kutoa upepo ni kufungua nipo, kijiskrubu chenye tundu juu ya kalipa au wili silinda, huku mtu akikanyaga, ili mafuta yatoke na mapovu yake. Hewa ikikataa kuisha, tafuta mambo manne.

- Kalipa zimebadilishana upande. Hili huwatoa jasho hata mafundi wazoefu. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto, nipo inakaa chini badala ya juu. Hewa hupanda, kwa hiyo itabaki imejificha juu ya pistoni hata ukimwaga lita nzima ya mafuta. Inama uangalie: nipo lazima iwe sehemu ya juu.
- Kikopo kilikauka katikati ya kazi. Anayekanyaga na anayefungua nipo wamesahau kuongeza mafuta. Masta ikameza hewa, kazi inaanza upya.
- Masta mpya ilifungwa kavu. Inatakiwa ijazwe mafuta na kutolewa hewa kwenye meza kwanza, kabla ya kuingia kwenye gari.
- Hewa imeingia kwenye kitengo cha ABS. Kwenye baadhi ya magari haitoki bila kompyuta ya gereji kuamuru vali za ndani zifunguke.

Kumbuka pia kwamba pedali inayopanda ukiipampu si lazima iwe na hewa. Rudi kwenye kipimo cha handibreki kwanza. Ni cha bure.

Mafuta yanayokunywa maji

Anayeishi Tanga anajua chumvi ilivyo masika: unaiacha kavu jioni, asubuhi imelowa. Chumvi inavuta unyevu wa hewani. Mafuta ya kawaida ya breki yana tabia hiyohiyo. Kila siku yanakunywa unyevu kidogo, kupitia kwenye kikopo na hata kupitia kwenye mipira.

Tatizo la maji hayo ni joto. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishakunywa maji kama asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 yakiwa mapya, na 155 yakishalowa. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabonyea kama hewa kwenye chupa yetu. Pedali inakwenda chini, hakuna kinachosimama. Ukikaa kando dakika ishirini, mvuke unapoa na kuwa kimiminika tena, pedali inarudi. Ukifika gereji fundi anakanyaga, anakuambia, "Mbona nzima?" Hakudanganyi. Ushahidi umepoa njiani.

Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halijatembea sana. Kubadilisha ni kuyatoa yote kupitia nipo mpaka yatoke safi. Kuongeza juu ya yaliyo meusi ni kama kumimina chai mpya kwenye masimbi ya jana.

Na kuna kosa moja lisilo na msamaha: kuongeza oili ya injini, oili ya gia au ya stelingi kwenye kikopo cha breki "ili tufike". Oili hizo huzivimbisha raba za breki, na raba zikivimba huziba njia na kuganda. Ukishaweka, unanunua raba zote za mfumo, kuanzia masta mpaka gurudumu la mwisho. Usitumie hata chupa iliyowahi kubeba oili.

Gurudumu linalonuka

Malalamiko mengine ni ya breki zinazoshika na kugoma kuachia. Gari ni zito, dizeli inaisha, na gurudumu moja linanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Mwenye gari ananunua kalipa. Wiki ijayo, kalipa mpya nayo inanuka.

Fanya hivi gari likiwa limeshika: linyanyue kwa jeki na kulikinga kwa vigogo, kisha fungua nipo ya gurudumu hilo kidogo tu. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, kalipa haina kosa. Kuna nguvu ya mafuta iliyonaswa. Yasiporuka na gurudumu likabaki limebana, hapo ndipo kalipa, pistoni au pini zake zimeganda.

Nguvu iliyonaswa ina watuhumiwa wawili wakubwa. Kama ni gurudumu moja, ni mpira wa breki uliozeeka. Kwa nje unang'aa, kwa ndani nyama yake imeachana na kuwa kama mlango wa upande mmoja: mguu wenye nguvu unayapitisha mafuta kwenda, ila hakuna nguvu ya kuyarudisha. Kama ni magurudumu yote ya mbele, au yote manne, na hali inazidi kadiri unavyoendesha, uliza kama masta au busta imebadilishwa karibuni. Rodi kati ya busta na masta ikiwa ndefu kwa milimita chache tu, pistoni hairudi mwisho wake, na kitundu cha kurudishia mafuta kwenye kikopo kinabaki kimezibwa. Mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, yanafunga breki yenyewe. Ni tatizo lililozaliwa na matengenezo ya tatizo jingine.

Na ukiona shuu za nyuma zimelowa, usiangalie wili silinda peke yake. Gusa kwa vidole: mafuta ya breki ni mepesi, ya difu (gia za katikati ya ekseli ya nyuma) ni mazito na yananuka. Yakiwa ya difu, sili ya ekseli imekufa. Shuu zilizolowa hazioshwi kwa petroli wala hazichomwi moto, hutupwa. Vumbi lake nalo lisipulizwe kwa mdomo wala kompresa, kwa kuwa baadhi ya shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, madini ya nyuzinyuzi yanayoharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Mlima hauulizi risiti

Hata breki kamili zina kikomo. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka zaidi ya mita 900. Pikapu yenye uzito wa tani mbili na nusu, mzigo ndani, ikishuka kiasi hicho inatoa nishati inayoweza kuchemsha ndoo tatu za maji za lita ishirini. Joto hilo lazima liende mahali. Ukiteremka gia kubwa huku mguu uko kwenye breki, unazipikia sahani mbili na sufuria mbili za chuma ndoo tatu za maji.

Gia ndogo huigawa kazi: injini inalizuia gari, na breki zinabaki za kona. Kanuni ya wazee wa barabarani ni kushukia gia ileile ambayo ungeipandia. Na usiishikilie breki kwa wepesi njia nzima. Funga kwa uhakika, punguza mwendo, achia ipoe. Kumbuka pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nishati ya kuzimwa na breki huongezeka mara nne.

Ukifika gereji

1. Itaje pedali kwa tabia yake, na useme hutokea lini: asubuhi, mlimani, ikiwa tupu, ikiwa na mzigo.
2. Sema kilichobadilishwa karibuni, zikiwemo springi na tairi.
3. Omba kipimo kabla ya spea: handibreki, busta, nipo.
4. Omba magurudumu yote manne yafunguliwe, hata lisilolalamika.
5. Linganisha unene wa pedi na shuu, kushoto kwa kulia, mbele kwa nyuma. Kilichoisha sana mara nyingi kinafanya kazi ya mwingine. Kilichobaki kipya ndicho cha kuhojiwa.
6. Omba spea za zamani urudi nazo, na uandike tarehe ya mafuta kwenye daftari.
7. Jaribu kwanza mahali tambarare, mwendo mdogo, kabla ya barabara kuu. Pedali ikizama, gari lisiondoke.

Kazi ya mzee wa Korogwe ilichukua saa nne: alisafisha dramu, akabadilisha vifaa viwili vya kujirekebisha, akarekebisha rodi ya vali, akatia mafuta mapya. Spea zake zote zilikuwa za bei ndogo kuliko masta moja kati ya zile zangu mbili.

Wiki iliyofuata tulishuka na kabichi. Mombo nilisimama, nikazunguka gari huku nikisogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa, kama mtu anayepima jiko. Mbele kulikuwa na joto, kama siku zote. Nikaenda nyuma, kushoto, kisha kulia. Joto. Kwa mara ya kwanza tangu niinunue pikapu ile, breki zote nne zilikuwa zimetoka kazini.